Auti Ofu Laini

Tulikuwa wawili tukipanda miche ya zabibu kwenye shamba moja huko Zuzu: mimi na mwenzangu, kaka wa Kondoa aliyenizidi umri. Msimamizi alishatuambia kwamba Jumamosi atabaki mmoja tu.

Siku ya tatu alikuja bibi shamba kukagua. Nikiwa nimeinama shimoni nilimsikia akiongea kwa simu: "Yule yuko auti ofu laini kabisa."

Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Auti niliijua kwenye mpira. Laini ni mstari. Nikaelewa kwamba mstari wangu umepinda.

Nilivuta kamba upya. Miche ilikuwa sawa, isipokuwa miwili iliyosogea upana wa kiganja. Mimi sipandi hivyo. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anapiga mluzi. Kwa nini apige mluzi leo?

Tangu hapo sikumpa mgongo. Akienda kunywa maji, nakagua mstari wangu. Akinisemesha, naitikia nusu. Alipokwenda kuswali adhuhuri nilifungua mfuko wake, nione kama ameficha vijiti vyangu vya kupimia. Nilikuta viazi vya kuchemsha na kandambili. Akarudi mkono wangu ungali ndani.

"Unatafuta nini, bwana mdogo?"

"Umesogeza miche yangu."

"Mimi? Mbuzi walipita hapo asubuhi, nikawafukuza. Nyie wa huku hata mbuzi wenu hamuwajui?"

Bibi shamba alisikia kelele akaja. Sikuwa nimewahi kumuuliza kitu hapo kabla. Nilitazama chini.

"Dada, mstari wangu umepinda wapi? Ulisema kwenye simu."

Alifikiri, kisha akashika mdomo. "Siyo mstari wa miche! Ni msemo tu. Ni mtu aliyekosa adabu, aliyefanya lisilomhusu. Nilikuwa namsema msimamizi wenu. Ameniita 'mtoto mzuri' mbele ya wageni."

"Kumbe," mwenzangu akasema, akifunga mfuko wake. "Basi na huyu yumo."

Bibi shamba hakucheka. Mimi nilirudi shimoni.

Jumamosi, kabla msimamizi hajataja mtu, nilisema abaki mwenzangu. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia.

"Juzi umenifungulia mfuko, leo unanifungulia kazi," mwenzangu alisema.

"Nisamehe, kaka."

"Nimesikia."

Akaokota jembe lake akaenda kwenye miche. Hakusema amenisamehe.