Kinu Kilichonyamaza

Juzi, sokoni Volo Volo, niliona mashine ya kusagia matunda, nikakumbuka kinu cha mama kule Mutsamudu, nilikokulia. Alasiri moja nikiwa mtoto, nyumba ilinukia samaki wa kuchoma. Mama alikuwa akitwanga fungu la samaki la dada yangu Zaina, ili alichuje lipite kwenye mpira wa puani, maana Zaina hakuweza kumeza. Ghafla viatu vizito vikasikika kichochoroni. Mchi ukatulia.

"Nyamaza, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Wenyewe wanapita."

Bibi yangu aliwaita majini kwa jina hilo. Mlango ukasukumwa, mkono mweupe ukaokota samaki kwenye makaa, taratibu, ukatoweka.

Leo najua mwenye mkono ule alikuwa mamluki mwenye njaa, mmoja wa askari wa kukodiwa walioingia kisiwani kwetu wakati ule. Nisichokijua ni kwa nini mkono ule haukuungua, na kwa nini Zaina aliuchekea.