Mlango wa Saba wa Orema

Harufu ya karatasi iliyowahi kumwagikiwa maziwa haitoki. Kianike kitabu juani wiki nzima, kilaze chini ya godoro, fanya utakavyo. Siku ukikifungua, uchachu ule ule utakupokea. Juzi nilikuwa nikimchagulia binti yangu vitabu vya mitumba, nikafungua kimoja, na kabla sijasoma hata neno nikawa na miaka kumi na miwili tena, nimeketi kwenye ukuta mfupi wa shule yetu Kitengela, na rafiki yangu Nashipae ananiuliza kwa mara ya hamsini, "Mwende, atamtoa ama hatamtoa?"

Ngoja niwaeleze ni nani aliyekuwa atolewe, na atolewe wapi.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Kitengela ilikuwa bado haijaamua kama ni mji au ni malisho: upande mmoja nyumba za mawe zikiota kila wiki, upande wa pili pundamilia wakila nyasi nyuma ya choo cha shule. Baba yangu alikuwa ametutoa Machakos akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na jioni alirudi na nyusi nyeupe utadhani amezeeka tangu asubuhi. Nashipae alikuwa mtoto wa boma lililokuwa ng'ambo ya mto, njia ya kuelekea Isinya. Kila asubuhi yeye na kaka yake aliyemzidi mwaka mmoja walileta maziwa plotini kwetu, kisha tukaandamana wote watatu kwenda shule. Jina la huyo kaka sitaliandika hapa, na mbele kidogo mtajua kwa nini.

Mwaka huo shule ilipokea sanduku la vitabu kutoka ng'ambo. Vingi vilifundisha watu kupika keki na kuteleza kwenye barafu, lakini chini kabisa kulikuwa na hadithi ya binti mfalme aitwaye Orema. Kaka yake Orema amekufa, na yeye ameapa kushuka kuzimu kumrudisha. Huko kuzimu kuna milango saba, na katika kila mlango bawabu anamnyang'anya kitu kimoja: taji, hereni, ushanga, bangili, mshipi, viatu. Jalada lilisema hadithi ina vitabu vitano. Sanduku lilikuwa na vinne. Kitabu cha nne kiliisha Orema akiwa mbele ya mlango wa saba, amebaki na nguo aliyovaa tu, na mimi nililia kwa hasira hadi mama akadhani nimepigwa shuleni.

Tulivisoma kwa kupokezana. Nashipae alivibeba kwenye mkoba mmoja na dumu la maziwa, na dumu lile lilivuja, kwa hiyo Orema alishuka kuzimu akinuka mtindi.

Ndipo mvua kubwa zikaja. Mto ukafurika, na siku moja kaka yake Nashipae akasombwa na maji akivusha ndama. Nashipae alikosa shule wiki mbili. Aliporudi alikuwa amenyolewa kichwa. Alitoa kitabu cha tatu kwenye mkoba, akanipa, akasema, "Nimemaliza. Nipe ya nne."

Alipokimaliza hicho cha nne ndipo swali likaanza. Aliuliza tukiwa tunafagia darasa, tukiwa kwenye foleni ya maji, tukiwa tunaomba kabla ya uji. Atamtoa ama hatamtoa? Hakutaja mtu wa kwao hata siku moja. Mimi sikuwa mjinga kiasi hicho, nilijua anauliza habari ya nani, na niliapa kwamba mwisho wa hadithi ile nitaupata, hata ikibidi niufukue ardhini.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na ensaiklopidia. Baba aliinunua kwa mchuuzi aliyemwambia kwamba mtoto akisoma kitabu hiki hatahitaji kingine. Ilikuwa juzuu moja ya Kiingereza, ile ya herufi S peke yake. Kwa sababu hiyo mimi nilijua mambo mengi kuhusu Sudan, Saturn na sukari, lakini ungeniuliza mto mrefu kuliko yote Kenya ningekodoa macho. Siku moja nikifunua kurasa zake nikawakuta Wasumeri, watu wa kale sana walioishi kati ya mito miwili, huko ambako leo ni Iraq. Na hao Wasumeri walikuwa na hadithi ya malkia wa mbingu aliyeshuka kuzimu. Milango saba. Vitu saba. Taji lilitoka la kwanza.

Nilisimama nikapiga kelele. Mwandishi wa Orema alikuwa ameiba! Wala sikumlaumu, nilifurahi, maana mwizi akiacha nyayo unajua anakoelekea. Nikasoma mbele. Malkia alikufa huko chini, akafufuliwa kwa chakula na maji ya uzima, lakini kuzimu kulikuwa na sheria moja: hakuna atokaye bila kuacha mtu badala yake. Malkia akapanda juu, akamkuta mumewe ameketi kwenye kiti cha enzi amependeza, hana hata habari ya matanga, akasema, mchukueni huyu. Kulikuwa na maneno mengine hapo mwishoni kuhusu dada wa huyo mume, lakini niliyaruka. Niliona yananichelewesha.

Basi utabiri wangu ulikuwa tayari. Orema angemtoa kaka yake, na badala yake angeachwa mjomba wao mwovu, ambaye kila msomaji alikuwa akimngojea apate chake. Nilinunua daftari nikaanza kukiandika kitabu cha tano mwenyewe, kwa Kiswahili, ili mama yake Nashipae naye asikie. Niliandika wakati wa mapumziko, niliandika kanisani, niliandika kwenye somo la hesabu nikachapwa viboko vitatu, nikaendelea kuandika nimesimama. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, mwalimu aliniambia. Ulimwengu ungekuja, lakini kwanza nilimaliza daftari.

Kosa langu lilitokana na jinsi tulivyoishi kwetu. Sisi Wakamba jina tunalirithisha. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama yake baba, na baba aliponituma maji aliniita "mwaitu", yaani mama yangu. Nyanya alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, lakini nyumbani alitajwa mara ishirini kwa siku, nyingi zikiwa kwa sababu ya sufuria ambazo sikuziosha. Kwangu mimi, kumtaja marehemu kulikuwa ndiko kumpenda. Kwa hiyo nilipofika kwenye kaka yake Orema, nililifuta jina lake la kizungu nikaweka la yule kaka mwingine. Niliona ndiyo zawadi kubwa kuliko zote.

Jumamosi nikaenda bomani na daftari langu. Mama yake Nashipae alikuwa ameketi mlangoni akishona shanga. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama Wamaasai wanavyosalimu watoto, akaniletea kibago nikaketi. Nikasoma. Nilisoma vizuri, najua, maana hata mbwa alilala. Nikafika mlango wa saba, mlango ukafunguka, kaka akatokeza kwenye mwanga, na Orema akapaza sauti akamwita. Mimi nami nikapaza sauti, nikaliita lile jina, pale mlangoni pa mama yake.

Sindano ilisimama. Nashipae aliinuka akaenda kwenye zizi la ndama bila kugeuka. Mama yake aliziokota shanga mbili zilizoanguka, akaziweka kwenye kibati, kisha akasema polepole, "Mtoto, hiyo jina tuliweka chini. Hapa kwetu hatuiiti tena."

Afadhali angenipiga. Alinipa kikombe cha maziwa nikakinywa huku machozi yakiingia ndani, nikaenda zangu.

"Wamaasai hawamtaji aliyekufa, mwaitu," baba aliniambia jioni, nyusi zake zikiwa bado na vumbi. "Sana sana akiwa kijana. Miaka tano hapa, hukujua?" Sikujua. Nilikuwa nimekaa miaka mitano kati ya watu, na nilichokijua vizuri ni pete za Saturn.

Nashipae aliendelea kuleta maziwa, lakini aliyapima, akayamimina, akaenda. Shuleni alihamia dawati la nyuma. Nilivumilia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili nikaichukua ensaiklopidia ya baba bila ruhusa, nikaweka alama kwenye ukurasa wa Wasumeri, nikaisukuma ndani ya mkoba wake. Nilitaka aone kwamba sikutaka kumuumiza, kwamba nilikuwa nimefanya utafiti.

Baada ya siku nne alikuja kuketi kando yangu kwenye ukuta.

"Kuna dada uliruka," akasema.

"Dada gani?"

"Wa huyo bwana aliachwa huko chini. Dada yake alikubali wagawane. Yeye nusu mwaka, kaka nusu mwaka. Mbona hukuandika huyo?"

"Si wa maana."

"Ni wa maana." Alikuwa akikwangua ukuta kwa ukucha. "Siku ile ndama zilikuwa zamu yangu, Mwende. Nilikuwa nasoma ile ya tatu. Akaenda yeye." Kisha akasema haraka, "Andika tena. Orema abaki huko, kaka atoke. Hata kama ni nusu mwaka tu."

Nitakuwa mkweli kwenu. Maneno niliyasikia yote, lakini uzito wake ulinipita. Nilichofikiria mimi ni mtihani. "Na darasa la nane je?" nikamuuliza.

"Nitakuwa nakuja second term," akajibu, na hakucheka.

Nilikataa. Nilikataa kwa sababu nilikuwa mkaidi na kwa sababu sikuwa na rafiki mwingine, na wazo la kuketi peke yangu nusu mwaka lilinitia hofu kuliko kuzimu kwenyewe. Nilikwenda nyumbani nikazing'oa kurasa za mwisho za daftari langu na kuandika upya kwa siku mbili. Safari hii kaka hakuwa na jina. Orema anafika mlango wa saba, anamwambia bawabu, nichukue mimi. Bawabu anakubali. Lakini kaka anakuja mwenyewe mlangoni, amekasirika kama kaka yeyote aliyeamshwa usingizini, na anasema: "Rudi. Ndama hawajanyweshwa. Nani alikwambia unifuate? Nilikuja kwa miguu yangu." Halafu anaufunga mlango kutoka ndani.

Nilimpa Nashipae akasoma papo hapo, mara mbili. Jumamosi iliyofuata, alipoleta maziwa, akaniambia, "Kuja usomee yeyo." Yeyo ndivyo alivyomwita mama yake.

Nilikwenda na daftari langu. Mama yake hakushona siku hiyo. Mikono aliilaza mapajani. Nilisoma kwa sauti ndogo hadi mwisho, nikafunga daftari nikangoja kufukuzwa.

"Soma tena hapo anamrudisha," akasema.

Nikasoma. Akataka tena. Nilisoma pale pahali mara tatu, na ya tatu alijifunika uso kwa shuka. Nashipae alikuwa amekaa karibu naye bila kumtazama. Jumatatu alirudi kwenye dawati letu, tukafanya mtihani wa darasa la nane tumeketi chumba kimoja.

Kitabu cha tano chenyewe nilikipata nikiwa mtu mzima, kimetandazwa kwenye gunia kando ya barabara. Nilikisoma nimesimama. Wasumeri wangu walikuwa wamesema kweli: mlango wa saba unadai mtu badala ya mtu. Lakini mwandishi yule mwoga alimfanya Orema aache farasi wake, wakatoka yeye na kaka yake wakicheka. Farasi! Nilikirudisha kwenye gunia, na hadi leo nina hasira naye.

Nashipae sasa ni mwalimu huko Kajiado. Mwaka jana alinipigia simu kunieleza jambo ambalo mama yake, sasa mzee, alikuwa amemwambia kwa mara ya kwanza. Asubuhi ile ya mafuriko kijana hakujitolea. Alikuwa amekuja kumwita dada yake aende na ndama, na mama ndiye aliyemzuia. Alimwona binti yake ameinamia kitabu, akapenda, akamwambia kijana: mwache amalize, nenda wewe.

Nashipae alikuwa amelala na jambo lile miaka yote akiamini kosa ni lake peke yake, na mama yake vivyo hivyo, hatua tatu kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na kwa kuwa jina halikutajwa, hakuna aliyepata pa kuanzia. Siku ile bomani nilikuwa nikiwasomea watu wawili, na kila mmoja alikuwa akiomba achukuliwe yeye. Mimi nilidhani yule mama ananirudisha nyuma kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kitamu.