Jiwe Alilokula Pelagia

Pelagia wa Kigwa alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na mimba ya tatu ilipoingia hakumwambia mtu mpaka tumbo lilipojisema lenyewe. Mumewe Damas alifurahi kimyakimya. Mama mkwe wake, Veneranda, akawa anamletea udongo wa kichuguu, maana Pelagia alikuwa na hamu ya udongo kama wajawazito wengi, na akikosa kutafuna hata kidogo, mate yalimjaa kinywani.

Mwaka ulikuwa 1935, wakati wa palizi. Mchana mmoja anga ikiwa nyeupe bila wingu, ilisikika ngurumo ndefu kama treni inayovuka daraja, kisha kitu kikaanguka shambani kwao, katikati ya karanga. Damas alikuta shimo, na ndani yake jiwe jeusi lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Lilimeguka kama mkaa. Lilinukia ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza, na kwa mbali mafuta ya taa. Akalibeba kikapuni, akaliweka barazani, akaenda kumwarifu mwanangwa, mkuu wa kijiji.

Harufu ile ndiyo iliyomshinda Pelagia. Alimega kipande, akakitia mdomoni. Kilikuwa na chumvichumvi, kikayeyuka kwenye ulimi. Akamega kingine. Kila siku, Damas akitoka tu, alikwenda barazani.

Habari zilifika bomani Tabora, na treni ikamleta Mzungu mmoja mwembamba, Daktari Wenlock, pamoja na mkalimani wake Nassibu, kijana wa mjini. Daktari hakuligusa jiwe kwa mkono. Alilishika kwa koleo lililochemshwa, akalifunga kwa kitambaa kilichochemshwa ili aondoke nalo.

"Bwana Daktari," Damas aliuliza, "jiwe hili lina nini?"

Nassibu alitafsiri jibu polepole. "Anasema jiwe limetoka mbali kuliko mwezi. Wako wataalamu Ulaya wanaodhani mawe haya hubeba vitu vilivyo hai, vidogo visivyoonekana, vya ulimwengu mwingine. Wengine wanawacheka. Yeye anataka kujua." Kisha akaongeza, "Anauliza, nani amelishika? Kuna aliyelionja?"

Pelagia aliinamisha kichwa. Damas akasema ni yeye tu aliyelibeba.

Tangu siku hiyo Pelagia hakulala vizuri. Mtoto alipocheza tumboni, alijiuliza ni nani anayecheza. Alipotulia, hofu ilizidi. Mwishowe alimwambia Veneranda, naye Veneranda hakumgombeza, alifunga kanga, akasema, "Tutakwenda kumwuliza mwenyewe, mwanangu."

Walimkuta Daktari katika chumba chenye joto karibu na stesheni ya Tabora. Mezani kulikuwa na visahani vya kioo vyenye kitu kama uji ulioganda, na juu ya uji ule madoa ya kijivu. Alimkaribisha Pelagia kwenye darubini yake. Pelagia akafumba jicho moja, akaona vijiti vidogo vikisukumana, vikigawanyika, vikiongezeka.

"Hivi ndivyo vilivyokuwa ndani ya jiwe?"

"Vimetoka ndani ya jiwe, vikaota juu ya uji huu anaovilisha," Nassibu alitafsiri. "Lakini hajui kama vimetoka juu, au viliingia huku huku kwetu."

"Mwambie nililila."

Nassibu alitafsiri. Daktari alimtazama Pelagia usoni, kisha tumboni, akarudi nyuma hatua moja. Ile hatua Pelagia hakuisahau maisha yake yote. Daktari alimwomba abaki Tabora mpaka ajifungue, apate kumchunguza yeye na mtoto. Veneranda akamshika mkwewe mkono, wakaondoka bila kuaga.

Maneno yalifika Kigwa kabla yao. Kisimani wanawake walimpisha Pelagia, na baada yake walisuuza ndoo mara mbili. Uchungu ulipomshika, mkunga aliyezoeleka alituma salamu kwamba anaumwa. Veneranda alimzalisha peke yake, mlango umefungwa. Mtoto alitoka kimya, macho wazi, akiangalia. Ukimya ule ulidumu mpaka Damas, huko nje, akaanza kusali kwa sauti. Kisha mtoto akalia. Alikuwa msichana, vidole vyote vimetimia. Akabatizwa Imakulata.

Daktari alikuja tena. Alichimba udongo wa shambani, akaupeleka mjini, na aliporudi alikaa barazani amechoka. Vile vijiti, alisema, vilikuwa vya udongo wa Kigwa. Viliingia jiwe lilipoanguka. Katika jiwe lenyewe hakuona chochote kilicho hai.

Pelagia alimsikiliza huku ananyonyesha. "Na kama vipo vingine, Bwana Daktari, visivyopenda uji wako?"

Nassibu alitafsiri. Daktari alijifuta jasho shingoni, akajibu.

"Anasema, kama vipo hivyo, yeye hana njia ya kuviona."

Kwa sababu ya maneno ya watu, Pelagia na Damas wakahamia Ntalikwa, ambako hakuna aliyewajua, wakalima mihogo. Imakulata alikua na afya njema, hakuugua hata surua iliyowapitia watoto wote wa jirani. Mama wengine walimsifu Pelagia kwa bahati hiyo. Yeye alishukuru kwa maneno machache, akaingia ndani, akakaa kitandani akimtazama mwanawe aliyelala, asijue amwombe Mungu mtoto azidi kuwa mzima, au augue mara moja tu kama wenzake.