Bertila na Kituo cha Anton

Mdogo wangu Bertila aliingia kazini posta ya Tabora mwaka 1974, akawekwa kwenye ubao wa kuunganisha simu. Watu wa leo hawaujui ubao huo. Ulikuwa na matundu mengi kama sega la nyuki, na nyaya zenye vichwa vya shaba. Mtu wa Kigoma akimtaka mtu wa Nzega, lazima apitie mkononi mwa Bertila. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Wanawake wa sokoni walikuwa wakimchokoza, "Bertila, tuambie basi, yule bwana wa reli anampigia nani kule Mwanza kila Ijumaa?" Naye hujibu, "Mimi nashika waya tu. Maneno ni yenu." Hakuna aliyewahi kumtoa siri. Hata mimi dada yake nilijaribu, nikashindwa.

Namba zote za simu za mji alikuwa nazo kichwani. Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, wenzake walilia. Yeye alikunja koti lake akarudi nyumbani Isevya. Mumewe, Modest, alikuwa ameshafariki. Alibaki na mtoto mmoja, Anton.

Mimi naitwa Pelagia. Nilisoma mpaka darasa la nne, la zamani, na haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilihamia kwa Bertila baada ya watoto wangu kutawanyika, kwa hiyo mambo haya sikusimuliwa, nilikuwamo.

Anton alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja mjini. Chumba cha nyuma alikuwa na mashine yake, kompyuta ya zamani yenye sanduku kubwa, ikinguruma usiku na mchana. Siku moja nikamuuliza, hii inakula umeme wa mama yako kwa faida ya nani?

"Ya watu nisiowajua, mama mkubwa," akasema. "Kuna watu wakiandika jambo wanafuatwa mpaka mlangoni. Sasa ujumbe wao unafungwa tabaka tatu, unapita nyumba tatu za watu wa kujitolea, huku na huko duniani. Kila nyumba inafungua tabaka moja. Inajua nani kauleta na nani anaupokea mbele, basi. Haijui ulikotoka wala unakokwenda. Hiki hapa ni kituo kimoja."

"Na wezi nao wanapita?"

"Wanapita. Hata barabara ya Nzega wezi wanapita, mbona hamjaifunga?"

Bertila alicheka. Nami nilimkumbuka babu yetu Mhoja, aliyebeba mizigo ya watu kutoka hapa Tabora mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu, bila kufungua fundo hata moja. Kwetu ile ilikuwa kazi tunayoielewa. Bertila hasa aliielewa. Akaanza kuingia chumba kile kila asubuhi na kikombe chake cha chai, kutazama.

Kilichotazamwa ni programu moja ambayo Anton aliiita mwangalizi. Ilijaza kioo chote. Juu palikuwa na taa ya kijani, maana yake kituo kiko hai. Chini palikuwa na mstari uliopanda na kushuka kadiri mizigo inavyopita. Mwanzoni palikuwa pia na maandishi ya njano, maonyo, yakimiminika. Bertila alikuwa akiyaona anapiga yowe, "Anton! Kinaumwa!" Na mara nyingi halikuwa jambo. Basi Anton akayaficha maonyo yale, akamwachia mama yake taa na mstari tu, asiwe anashtuka.

Kituo kilikuwa na jina, Igombe, kama mto wetu. Lakini Anton alimwambia mama yake kwamba jina si kitu, mtu yeyote anaweza kuliandika. Kinachokitambulisha kituo ni namba yake, herufi na tarakimu arobaini, na namba hiyo inatoka kwenye funguo zilizomo ndani ya mashine. Funguo zikipotea, kituo kile kimekufa, hata ukiweka kingine kwenye meza ileile. Bertila aliikariri namba ile yote arobaini kwa siku mbili.

Mwaka 2022, mwezi wa tisa, lori lilimgonga Anton akiwa kwenye pikipiki, akirudi kutoka Nzega. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu Bertila alifungua chumba cha nyuma, na mimi nikawa nyuma yake nikiogopa ataanguka. Taa ilikuwa ya kijani. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka.

"Dada," akasema, "mwanangu bado anafanya kazi."

Sikumkatalia. Ningemkatalia vipi? Kuanzia siku hiyo kile kituo ndicho kilichomwamsha kitandani. Alichukua daftari kama lile la posta, akawa anaandika kila baada ya saa moja mstari umefika wapi. Nguo za Anton alizigawa, viatu alivigawa, picha alizifungia kabatini. Kituo hakikuguswa. Aliniambia waziwazi, "Hiki kikizimika, ndipo nitakuwa nimemzika." Hivyo alivyosema ndivyo nilivyojua kinachomweka hai.

Mwaka jana, mwezi wa tano, shemeji yake wa Ziba alifariki. Akaenda msibani siku tano, akaniachia kituo. Akaniambia, "Usichomoe kitu. Wewe tazama taa tu."

Siku ya pili umeme ulikatika alfajiri, ukarudi asubuhi. Mashine iliwaka ikasimama kwenye ukurasa mweusi. Nikampigia. Huko Ziba mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Kimeandika nini, dada?"

"Kinataka tarehe na saa."

"Ah, betri yake ya ndani imekufa siku nyingi, umeme ukikatika kinasahau saa. Anton hakutaka kiulize saa kwa watu wa nje. Weka tarehe, weka saa, halafu bonyeza F kumi. Saa uweke ile ya…" Simu ikakatika.

Nikapiga tena, haikupatikana. Nikasema, tarehe na saa nisijue mimi? Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Nikaandika sifuri tatu, moja sifuri. Nikabonyeza F kumi. Mashine ikanguruma, mwangalizi akatokea, na taa ikawa ya kijani. Jioni Bertila alipopatikana nikamwambia, "Kinawaka kijani." Akasema, "Asante dada yangu." Nilijisikia mtu.

Aliporudi alikwenda chumba cha nyuma kabla ya kunawa miguu. Taa ilikuwa ya kijani, ila mstari ulikuwa umelala chini kabisa, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Umelala tangu lini?"

"Uliniambia nitazame taa," nikasema.

Hakugomba. Akaanza kutafuta. Waya wa intaneti aliuona mzima, simu zetu zilipata mtandao uleule. Akamzima mwangalizi akamwasha, taa kijani, mstari umelala. Akaifanya mashine izunguke iwake tena kwa kitufe, bila kuichomoa ukutani, maana Anton alimkataza kuchomoa. Ikawa vilevile. Akafungua daftari la Anton la maelekezo, akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari. Siku ya nne aliacha kula mchana. Siku ya saba nilimkuta anazungumza na kioo: "Unaniambia uko hai. Kama uko hai, mbona hubebi?"

Siku ya kumi na moja akamwita fundi Nasri, mwenye duka la kompyuta karibu na soko kuu, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi na Anton. Akaja asubuhi.

"Shikamoo mama Anton. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Huyu mgonjwa wako."

Nasri alikaa mbele ya kioo muda mrefu. Alipekua huku na kule. "Programu inasema inafanya kazi," akasema. "Haina lalamiko hata moja. Lakini hakuna kinachopita. Anton, Anton, ulikuwa mtu wa mambo yako! Mama, mimi naona mfumo umeharibika ndani. Tufute, tupige upya kwa kufuata daftari lake. Nusu siku tu."

"Na funguo?"

"Nitazinakili kwanza kwenye flashi."

"Nasri. Namba isibadilike."

"Haibadiliki, mama. Funguo zikiwepo, namba ni ileile. Unaijua namba yenyewe?"

Bertila akaitaja, herufi arobaini, bila kumeza mate. Nasri akaguna, akasema, "Mama, posta walikuonea kukustaafisha." Wote watatu tulicheka. Nakumbuka tulicheka.

Akachomeka flashi, akanakili sanduku zima la kituo, yaani faili zake zote, ikaandika imemaliza. Akaitoa akamkabidhi Bertila, naye akaishika kiganjani kama mtu aliyepewa hostia ya komunyo. Kisha Nasri akafuta. Kazi ile ilichukua dakika chache kuliko kuchemsha chai.

Akaanza kuweka mfumo mpya. Ukurasa mmoja ulitokea ukiuliza mahali na wakati, na juu yake saa imeandikwa kwa tarakimu kubwa. Nilikuwa nimeingia na sinia la vikombe. Nikatazama kioo, nikatazama saa yangu ya mkononi, nne na ishirini. Kioo nacho 04:20.

"Angalau saa iko sawa," nikasema.

Nasri aligeuka taratibu. "Iko sawa vipi, mama?"

"Si saa nne na dakika ishirini? Na pale si nne na ishirini?"

Bertila aliweka kikombe chini. Mtu aliyekaa kwenye ubao wa simu miaka ishirini na miwili hakuhitaji kuelezwa. Kule kazini waliandika wakati kwa saa za kizungu, saa nne yetu ya asubuhi wao ni kumi.

"Mashine iko nyuma saa sita," akasema. "Dada, ulipoweka ile saa uliandika ngapi?"

"Tatu na kumi. Ndiyo ilikuwa tatu na kumi!"

"Nayo ikaelewa usiku wa manane umeshapita, ni saa tisa alfajiri," akasema Nasri. Akashika kichwa. "Vituo vyote duniani lazima saa zikubaliane. Kikija chenye saa isiyo sawa wanakikataa. Hakikuwa na ugonjwa wowote. Na maonyo lazima kilitoa, kila saa kilitoa, ila Anton aliyaficha."

Kitu kingine ninachokijua, na nilikijua palepale: kwa siku zote zile kumi na moja umeme haukukatika hata mara moja. Tabora hii! Ungekatika, mashine ingeuliza saa upya, na Bertila angeiweka mwenyewe.

Nilitaka kusema nisamehe, nikaweka sinia mezani kwanza. Ndipo mdogo wangu akanishika mkono. "Si kitu, dada. Funguo tunazo."

Nasri akarekebisha saa. Akaweka programu ya kituo, akamweka mwangalizi, safari hii maonyo yakionekana. Akaomba flashi. Akaifungua.

Vitu vya mwangalizi vilikuwemo. Mipangilio ilikuwemo. Sanduku la funguo lilikuwemo, akalibonyeza, likafunguka, na ndani hamkuwa na kitu. Akalifunga akalifungua tena. Akachomoa flashi akaipangusa kwa shati, akairudisha. Hamkuwa na kitu.

"Lilikuwa limefungwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kituo hakimruhusu mtu mwingine kuzisoma funguo zake. Nilipaswa kunakili kama mwenye mashine. Mashine ililiruka, haikuniambia. Na mimi sikufungua kuhakikisha."

"Rudisha."

"Mama, nimefuta na nimeweka mfumo mpya juu yake."

"Nasri, rudisha."

Alijaribu mpaka saa kumi jioni. Mchana hakuna aliyekula. Mwisho akakiacha kituo kiwake chenyewe, nacho kikajitengenezea funguo mpya. Taa ikawa ya kijani, namba ikatokea. Bertila aliinama akaisoma. Aliishia herufi ya nne, akajinyoosha.

"Naweza kukiandika Igombe, jina lilelile," Nasri akasema. "Baada ya wiki chache kitazoeleka, mizigo itapita kama zamani."

"Hiki ni cha nani?"

"Cha kwako, mama Anton."

"Mimi sikuomba changu," akasema. Akazunguka nyuma ya meza, akachomoa waya ukutani. Chumba kikawa kimya kabisa. Nilikuwa sijawahi kukisikia chumba kile bila mngurumo, na nadhani hata yeye, maana alisimama na waya mkononi kama anayesubiri kitu kianze tena.

Nasri alikusanya vifaa vyake, akaaga, akatoka. Nikabaki na mdogo wangu.

"Bertila, ni mimi," nikasema.

"Ungesema tu kwamba hujui, dada. Ungesubiri nipatikane."

"Nilidhani najua."

"Ndiyo," akasema. "Ulidhani."

Hajarudia neno hilo. Ananiamkia kila asubuhi, ananiwekea maji ya kuoga, Jumapili tunakwenda misa pamoja. Chumba cha nyuma tumekijaza magunia ya mpunga. Alilala siku tisa bila kuongea baada ya ile siku, kama alivyopaswa kulala mwaka 2022, na alipoamka alikuwa ameshakuwa bibi kizee kweli, mimi niliyemtangulia kuzaliwa nikionekana mdogo wake. Daftari la kuandikia mstari aliliweka jikoni, tunawashia moto kurasa zake.

Kengele ya misa kutoka kwetu haisikiki vizuri, kwa hiyo huniuliza mimi mwenye saa mkononi, "Saa ngapi, dada?" Mimi humjibu. Naye hunyanyuka, kwa magoti yale yanayomuuma, akavuka sebule, akaenda kuitazama saa ya ukutani mwenyewe.