Paneli Mbili za Mzee Egidi

Mkewe alipofariki, Mzee Egidi alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitano huko Ulyankulu. Watoto walishatawanyika, wa mwisho, Ange, alikuwa nesi Mwanza. Mzee akaachana na tumbaku, akalima vitunguu, na kila siku akawa anagombana na pampu ya petroli ya kuvutia maji kisimani, iliyozimika ovyo.

Ndipo akamwita Najiat, fundi wa sola kutoka Kanyenye, Tabora mjini. Najiat alifika kwa pikipiki, akaamkia, akapima kina cha kisima, kisha akafungua daftari.

"Mzee, paneli hizi zinadumu miaka ishirini na zaidi. Siwezi kupanga umeme wa leo tu. Huko mbele mtakuwa wangapi hapa?"

Egidi aliitazama nyumba yake. "Wanasema nguzo za umeme zitafika mwakani. Mwaka juzi pia walisema."

"Nguzo tuziache kwanza. Nauliza watu."

Mzee akasogea hadi kwenye tuta la mwisho, akampigia Ange.

"Mwanangu, nafunga sola. Nikifunga kubwa itaendesha mashine ya kusaga, friji na nyumba nzima. Mtarudi?"

Ange akajibu, "Tutaona, baba. Kazi zenyewe unazijua."

"Haya. Wasalimie watoto."

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Najiat akajifanya anakaza kamba ya mzigo kwenye pikipiki.

"Niko mmoja," mzee alisema. "Baadaye sijui."

"Basi tusibahatishe. Tufunge mbili, za pampu na taa. Fremu na nyaya nitaweka za paneli nane. Watu wakiongezeka, tunaongeza. Nguzo zikija, hutakuwa umepoteza sana."

Kazi ilichukua siku mbili. Maji yakapanda bila kelele, na shamba likawa kimya mno. Egidi akaanza kusikia hata nyayo zake mwenyewe. Vitunguu vilistawi. Mwaka ukaisha nguzo hazijafika, wala Ange.

Siku moja Najiat alipiga simu kuuliza kama pampu ilikuwa na tatizo lolote.

"Haina," Egidi alijibu. Najiat akashukuru, akataka kuaga.

"Ngoja kwanza, binti. Huko Tabora mvua imenyesha?"

"Jana, mzee."

"Ya upepo?"

Akasikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Ya upepo hasa! Imeezua hadi choo cha jirani."

Egidi akacheka, akaketi kizingitini, simu kaibana sikioni.