Kihisio cha Kabatini

Asteria Mayala alikabidhiwa hewa. Wenzake kwenye duara la Baba Lusia, shimo la dhahabu nje kidogo ya Kharumwa, walikabidhiwa sururu na kamba. Yeye akapewa mashine ya kupimia oksijeni, kwa kuwa alikwenda semina ya siku mbili Geita. Huko walipata soda, cheti, na ukweli ambao hakuna aliyeuomba: kihisio, kile kidude cha ndani kinachoonja hewa, hakizeeki kwa kazi. Kinazeeka kwa umri. Ukishafungua pakiti yake, kitumie au kifungie, baada ya miaka miwili hivi kimekwisha.

Baba Lusia, mwenye duara, alimsikiliza kwa heshima aliyozoea kumpa mhubiri. Yeye ni mtu wa kabati. Kwake vikombe vizuri havitoki mpaka mgeni aje. Basi alinunua vihisio viwili siku moja, akafungua pakiti zote kuhakikisha hakuuziwa mawe, kimoja akakitia kwenye mashine, cha pili akakilaza kando ya vikombe. Mashine nayo ilitoka mkaguzi alipokuja tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Asteria alibishana miezi mitatu ndipo ikaruhusiwa kutoka kila asubuhi.

Mwaka wa tatu ikaanza kuchanganyikiwa. Hewa ya nje, yenye upepo wa kutosha kupeperusha kanga, husoma 20.9, yaani asilimia ya oksijeni. Ikasoma 20.1, baadaye 19.3, ikapiga kelele.

"Mama Limi," Masudi wa winchi akamuuliza Asteria, "kumbe hata hapa juu tumeshakufa? Mbona mimi njaa inaniuma?"

Asteria alikuwa akibonyeza kitufe cha kurekebisha, namba inarudi 20.9, kama mgonjwa anayenyanyuliwa akae apigwe picha. Alijua kihisio kinakufa. Hata ikiteremshwa shimoni ilikaa muda mrefu kabla ya kutoa jibu.

Jumatatu moja ikakataa kurekebishwa. Alibonyeza mara tatu. Jana yake walikuwa wamelipua mwamba, moshi bado uko chini, na mumewe, Masalu, alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni.

"Leo hashuki mtu," Asteria akasema.

Baba Lusia akatabasamu. Akaagiza kihisio cha kabatini kiletwe, akakifunga kwa mkono wake mwenyewe. Mashine ikasoma 14, pale juani, ikakataa tena kurekebishwa.

"Hiki kipya, mama. Hakijafanya kazi hata saa moja."

"Viliamka siku moja, Baba Lusia. Vimezeeka pamoja. Hata ng'ombe asiyelima huzeeka."

"Kingine kinatoka wapi?"

"Dar. Wiki tatu."

"Wiki tatu hawa wale mawe?"

Wakateremsha mshumaa kupima hewa. Ukawaka hadi chini, watu wakaridhika.

"Huo unazimika mtu ameshalegea," Asteria akasema. "Moshi wa baruti ndio kabisa, hauujui." Akaishika kamba ya mumewe.

Masalu akamwangalia kama mtu aliyefuatwa kilabuni. "Mama Limi, usiniaibishe mbele za watu."

Akaiachia. Masalu akashuka.

Alasiri alipandishwa akiwa anatapika. Alisema ni ugali wa jana. Ugali huo waliula yeye, Asteria na mtoto wao Limi, na hao wawili hawakutapika, lakini hilo halikuulizwa.

Kwa kuwa alileta mkosi asubuhi, Asteria alihamishiwa jikoni. Mashine akapewa Nasibu, mpwa wa Baba Lusia, aliyeichomoa betri. Tangu hapo haijapiga kelele hata mara moja, na Baba Lusia huwaambia watu kwamba vyombo vinataka mkono wa mwanamume.

Asteria alimwomba mumewe warudi kulima. Masalu akamwonyesha mpunga uliokaukia shambani.

Jumatatu iliyofuata Masalu alikunywa uji, kisha vidonge viwili vya kichwa kabla ya kushuka, ili kisimwume akalazimika kupanda katikati ya zamu. Vidonge hivyo alipewa na Asteria, pamoja na maji.