Upepo wa Kilo Hamsini na Mbili

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani asiyehitaji futi kumpima mtu. Ukipita mbele ya kibaraza chake umeshapimwa kifua, kiuno na nyonga, na kama umenenepa atakuambia kabla hujamsalimia.

Mumewe, dereva wa lori mstaafu, alijinunulia pikipiki. Si hizi za kubebea abiria, bali dude pana, la kukalia umeegemea kama uko kwenye kochi, miguu imetangulia mbele. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa laini, na Bi Pindo alimtazama kutoka kwenye cherehani yake akisema moyoni, mgongo wangu mimi haujafutwa hivyo mwaka mzima.

Bi Pindo aliipanda mara moja tu. Shokapu za nyuma, zile nguzo mbili zinazopokea mashimo ya barabara, zilikuwa zimechoka. Wakaingia shimoni, akarudi nyumbani kashika kiuno, akaapa hapandi tena. Na yeye akiapa ameapa. Hata mvua ikimkuta sokoni alitembea kwa miguu, mume anamfuata polepole na pikipiki akimbembeleza, watu wanacheka.

Basi mume akasema anaipeleka kwa fundi, abadilishe shokapu za nyuma, aweke za upepo. Mchana huo Bi Pindo akatoka kumpelekea fundi suruali yake aliyomtilia viraka magotini. Alipofika nyuma ya ukuta wa mabati wa gereji, akawasikia.

"Mzee, hizi hazina springi," fundi alikuwa akisema. "Ndani ni upepo mtupu. Ukiweka mwingi zinakuwa ngumu kama benchi, ukiweka kidogo zinalala. Sasa huyo unayempakia nyuma ana uzito gani?"

Mume akajibu, "Weka wa kilo hamsini na mbili."

"Mwepesi huyo."

"Mwepesi," mume akasema, na sauti yake ilikuwa inatabasamu.

Bi Pindo akarudi nyumbani na suruali ya watu mkononi. Yeye hamsini na mbili aliiacha njiani zamani, na hajapata kurudi hata kuisalimia.

Tangu hapo kazi haikwenda. Kichwani mwake alimshona mwanamke mzima: kiuno cha kushikika, bega jembamba, gauni lisilokula kitambaa. Kila aliyepita barabarani alimpima kwa jicho, huyu mzito, huyu mfupi, mpaka akaja msichana mwembamba, muuza dawa wa duka la pembeni, na sketi yake.

"Nipunguzie kiunoni, mama. Inanivuka."

"Itakuvuka tu, na upepo unaoupanda."

"Upepo gani tena, mama?"

"Unaujua mwenyewe. Iache hapo."

Akaibana sketi ile kutoka kiunoni mpaka chini, kiasi kwamba kutembea mtu angetembea, lakini kupanda pikipiki labda abebwe.

Roho haikutulia. Siku ya mume kwenda kuichukua pikipiki, Bi Pindo alimtangulia gereji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Upepo umeshajaza?"

"Tayari. Namsubiri mzee."

"Ongeza."

"Lakini mzee alisema..."

"Mzee ni dereva. Mimi ndiye mwenye mume. Ongeza mpaka zimfae mtu kama mimi."

Fundi akamtazama, akaitazama geji ya kupimia upepo. "Kama wewe ndiyo kilo ngapi, mama?"

"Si una macho? Pampu."

Fundi akaishika pampu ya mkono. Kila akipumzika, Bi Pindo alisema bado. Mwisho Bi Pindo akaubonyeza mkia wa pikipiki kwa kiganja, ukakataa kushuka. "Hapo. Huyo mwepesi akikaa, arushwe kama bisi."

Jioni mume akaingia kajishika kiuno. "Yule fundi kaniharibia pikipiki. Inaruka kama mbuzi."

"Labda abiria wako ni mwepesi mno."

"Abiria gani?"

"Wa hamsini na mbili. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Mume akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. "Mke wangu, huyo ni wewe."

"Mimi?"

"Sasa ningekuuliza kilo zako wewe? Nesi alizisoma kwa sauti mara moja tu, ukahama hospitali. Nikataja zile ulizoniambia mwaka niliokuoa. Nilitaka upande tena, mgongo usikuume."

Bi Pindo hakusema samahani, neno hilo halimo kwenye sanduku lake la nyuzi. Alivua futi shingoni, akapanda kiti cha nyuma cha pikipiki na kukaa. Mkia ukashuka kidogo, ukatulia. Mume akaiwasha, wakapita lile shimo lililomwapisha, likapita chini yao kama kitambaa chini ya sindano.

"Kumbe fundi kaweka vizuri," mume akasema. "Nikiwa peke yangu ndiyo nilikuwa mwepesi."

Bi Pindo alikuwa anaisikia tena ile sauti iliyotabasamu. Kwake yeye mwenyewe haijatabasamu hivyo siku nyingi. Ilimtabasamia yule msichana wa hamsini na mbili.

"Yule ulimpenda kuliko mimi?" akauliza.

"Yule hakuwahi kupanda pikipiki yangu."

Akaridhika, nusu. Hiyo nusu nyingine anayo mpaka leo, na ile picha ya harusi yao ameigeuzia ukutani.